Njia ya Kwenda Mui

Kutoka Kibwezi, lami huteremka hadi daraja la mto Athi. Ukishavuka, umeiaga Makueni na uko Kitui, nchi ya mibuyu. Habari za bonde la Mui nilizisikia tangu mkataba wa makaa ya mawe uliposainiwa, lakini miguu yangu haikuwahi kufika. Matatu ilisheheni magunia ya ndengu, tukapita Ikutha na Mutomo tumebanana. Mzee aliyeketi kando yangu alinieleza kuhusu Hifadhi ya Kitui Kusini, inayopakana na Tsavo Mashariki, na tembo wanaotoka huko kuingia mashambani.

"Tembo ni balaa," alisema. "Lakini akishashiba huondoka."

Nililala Kitui mjini. Asubuhi nikashika njia ya Zombe, vumbi jekundu likituandama hadi Mui.

Bonde hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 500 hivi, na serikali ililigawa vitalu vinne. Kitalu C peke yake kilikadiriwa kuwa na zaidi ya tani milioni 400 za makaa ya mawe. Vitalu C na D vilipewa kampuni ya Fenxi kutoka China, mkataba ukatiwa saini Desemba 2013. Wakazi walikwenda mahakamani wakidai hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaona kwamba ushirikishwaji ulitosha.

Nilitegemea kukuta mashimo. Nilikuta mto mkavu, na mama mmoja amepiga magoti mchangani. Alikuwa amekizungushia kisima chake cha mchangani miiba ili mbuzi wasikichafue. Aliteka kwa kata, polepole, akingoja maji yajikusanye tena kila baada ya kata mbili tatu, kisha akayamimina kwenye mtungi wa plastiki wa njano kupitia kitambaa. Alinipa nionje. Yalikuwa baridi, hayana hata chembe ya chumvi. Pembeni kulikuwa na nyayo za dikidiki, na hondohondo wawili walikuwa wakipiga kelele kwenye mgunga, zamu yao ya kunywa haijafika.

"Mwaitu," nilimwuliza, yaani mama kwa Kikamba, "wakichimba itakuwaje?"

"Mwanangu, wao watashuka chini kuliko mimi."

Sijasikia mhandisi akilieleza jambo hili vizuri zaidi. Shimo la makaa ya mawe likifika chini ya usawa wa maji ya ardhini, lazima maji yapampwe yatoke ili wachimbaji wafanye kazi pakavu, na visima vya jirani hushuka nayo. Mahali ambapo mchanga wa mto ndio tangi la watu, mbuzi na ndege, hasara hiyo haina fidia inayoeleweka.

Jioni alinipeleka nyumbani kwake. Nyuma ya jikoni palikuwa na msingi wa mawe uliomea nyasi. Mwanawe alikuwa ameanza kujenga, wakaambiwa watahamishwa, akaacha. Kuhamishwa nako hakukuja.

Mui si peke yake katika kungoja hivi. Kule Alaska, mwaka 2017 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kufungua uwanda wa pwani wa Hifadhi ya Aktiki kwa uchimbaji wa mafuta na gesi, mahali ambapo dubu weupe majike huchimba mapango ya theluji na kuzaa. Mnada wa kwanza, Januari 2021, makampuni makubwa ya mafuta hayakujitokeza. Ule wa Januari 2025 haukupata mnunuzi hata mmoja. Dubu angalau hawakuambiwa wasijenge. Na makaa ya Mui yakichomwa, moshi wake huchangia kuyeyusha barafu ileile wanayowindia, kwa hiyo mama wa Mui na dubu wa Alaska wana kesi moja.

Soko lenyewe limeyumba. Kiwanda cha umeme cha Lamu, cha megawati 1,050, ambacho kilitarajiwa hatimaye kutumia makaa ya Mui, kilifutiwa leseni ya mazingira na Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira tarehe 26 Juni 2019. Sioni faida ya kuendelea kuwashikilia wakulima kwa ajili ya makaa yasiyo na tanuri.

Wizara ya Nishati na iende Mui, iketi chini ya mgunga mbele ya wakazi, itangaze kwa maandishi kwamba mkataba wa vitalu C na D umefutwa, ili yule kijana amalize nyumba yake.