Uzito wa Gunia Tupu

Ndani ya programu ya kompyuta kuna mambo ya kudumu na mambo ya kupita. Kujumlisha ni kujumlisha siku zote. Lakini kodi, bei, majina ya mikoa na uzito wa gunia hubadilika, wala havimwombi ruhusa aliyeandika programu. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1998 ilikuwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashushwa hadi 18. Mwaka 2012 Mkoa wa Rukwa uligawanywa, Mpanda ikawa ya Katavi. Programu iliyochonga mambo hayo ndani ya msimbo wake ilianza kusema uongo siku hiyo hiyo, ingawa haikuguswa hata herufi moja.

Hapa Katandala, jambo hili nililiona kwenye mizani. Ghala moja la mahindi lilikuwa na programu ya kutoa stakabadhi, na programu hiyo ilipunguza kilo moja kwa kila gunia kufidia uzito wa gunia lenyewe. Enzi za magunia ya katani hesabu hiyo ilikuwa ya haki, maana gunia tupu la katani hukaribia kilo moja. Siku hizi mahindi huja katika mifuko ya salfeti, na mfuko mtupu haufiki hata robo kilo. Mkulima aliyeshusha mifuko 40 alikuwa akipoteza kilo 30 na zaidi, karibu debe mbili za jasho lake.

Mzee mmoja kutoka Laela alimwuliza karani, "Mwanangu, huu mfuko wangu umekuwa mzito tangu lini?" Karani akajibu, "Shikamoo mzee, kompyuta ndiyo inayosema hivyo." Karani hakuwa mwizi. Kilo ile ilikuwa imeandikwa katikati ya msimbo, tena mahali patatu, na fundi aliyeiandika alikwisha hama na simu yake haipatikani. Husemwa kuwa jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi hapa palikuwa na namba inayokula mahindi ya watu na hakuna aliyejua inakaa wapi.

Nilipoitwa, ningeweza kubadili namba mahali pale patatu, nikapokea changu nikaenda zangu. Lakini kesho ingekuja aina nyingine ya mfuko. Nikazitoa namba zote za kupita nikaziweka katika faili moja la maandishi, mipangilio.ini. Kulisoma nilitumia configparser, maktaba ndogo inayokuja pamoja na lugha ya Python. Hailipiwi wala haihitaji intaneti. Faili lina vichwa katika mabano ya mraba, kama [uzito], na chini yake mistari kama mfuko_salfeti = 0.15. Karani alilisoma lote kwa dakika moja bila kufundishwa.

Maktaba hiyo ina tabia zake. Kwake kila kitu ni maandishi, mpaka uombe namba kwa getfloat. Ukiandika 0,15 kwa koma, inagoma. Ukiandika 18% inagoma pia, kwa kuwa alama ya asilimia ina kazi yake maalumu humo. Inatambua yes na no, ila ndiyo na hapana haizijui. Nikaifundisha kwa kuyaongeza maneno hayo katika BOOLEAN_STATES, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Na usiiache iliandike faili upya, maana hutupa maelezo yote uliyoyaweka kwa alama ya #, nayo ndiyo yanayomwongoza karani.

Wapo mafundi wanaopenda kuweka namba ya akiba, ili mstari ukikosekana kazi iendelee. Kwa jambo la mizani nakataa katakata. Namba ya akiba ni ile ile kilo moja ikirudi kwa mlango wa nyuma. Afadhali programu isimame iseme kwa Kiswahili, "Uzito wa mfuko haujaandikwa," watu watafute.

Mwenye ghala hakupendezwa. "Fundi, sasa kila mtu ataona namba zetu." Nikamwambia nywila ya hifadhidata nimeiweka katika faili jingine, analolifungua yeye peke yake, hiyo ni siri halali. Uzito wa mfuko si siri. Tulibishana hadi chai ikapoa, mwishowe akakubali stakabadhi ichapwe na mstari mmoja zaidi: mifuko 40 × 0.15 = kilo 6. Wakulima wengine sasa huja na mfuko mtupu mkononi, wakaomba upimwe kwanza.