Sekunde za Mtoto wa Tatu

Sisi wa ualimu tukisikia JavaScript tunasema hayo ni ya watu wa kompyuta. Basi sikilizeni.

Kwenye mazoezi ya kufundisha huku Ujiji, mwenzangu alitengeneza ukurasa wa chemshabongo. Kila mtoto sekunde 60. Livingstone na Stanley walikutana hapa mwaka gani? (1871, watoto wa Ujiji hawakosi hilo.) Wa kwanza akajibu akiwa ametulia. Wa pili, saa ikamkimbia mara mbili. Wa tatu, binti mpole, alifungiwa baada ya sekunde 20 tu. Wenzake wakacheka, eti mzito. Mwalimu wa darasa akamwandikia 0.

Nikafungua msimbo. setInterval huamuru kazi irudiwe, hapa kila milisekunde 1000, nayo hukurudishia namba. Namba hiyo ni kamba ya mtumbwi. Ukiiachia, mtumbwi umekwenda. Kila mtoto alipokaa, kipima muda kipya kilianza na cha zamani hakikusimamishwa. Vyote vikawa vinapunguza hesabu ileile. Kivinjari hakijui kwamba mtoto ameshanyanyuka kwenye kiti.

Dawa: tunza namba nje ya fanksheni, kisha clearInterval(namba) kabla ya kuanzisha kipya, na tena muda ukifika sifuri. Kwa setTimeout, ni clearTimeout.

Ile 0 ndiyo iligoma kufutika. "Kompyuta haidanganyi," mwalimu alisema. Tukafungua ukurasa wa zamani, tukamwomba akae yeye kiti cha tatu. Alipoona namba zinavyoporomoka, akaomba kalamu.