Mkange: Mita Sitini Hupimwa Kutoka Wapi?

Msafiri aendaye Saadani kwa njia ya bara huiacha barabara kuu ya Segera pale Mandera, ng'ambo ya Mto Wami, akapinda kulia kushika njia ya Miono. Kutoka hapo hadi baharini ni mwendo wa kilomita zipatazo 60, na katikati ya safari hiyo ndipo ilipo Mkange. Ndugu msomaji, usitarajie mji. Ni kijiji cha mihogo, mahindi na mifugo, ambacho jina lake limeanza kutajwa hata Dar es Salaam kwa sababu ya ujenzi wa barabara ya Mkange hadi Mkwaja na Tungamaa, kipande cha ile njia kuu itakayoiunganisha Bagamoyo na Tanga kwa kufuata pwani.

Mimi sikufuata barabara. Nilifuata swali nililolibeba tangu Mwanza.

Mwezi Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika kupita kiasi. Kipimo cha Jinja, nchini Uganda, ambako maji ya ziwa hutokea kuingia Mto Nile, kilisoma mita 13.42, yaani juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Ziwa lile hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni huo mmoja tu. Mvua zikizidi, lazima lijae. Nyumba za mialoni ziliingiliwa, na serikali za mitaa zikawataka wananchi wahame, wakae nje ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ndivyo isemavyo, nayo inahusu bahari, maziwa na mito sawasawa.

Lakini ukingo upi? Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa kiasi cha mita mbili na nusu. Baadaye likashuka polepole, na mwaka 2006 lilikuwa chini mno. Watu wakajenga pale lilipoondoka, wakazaa, wakasomesha watoto. Lilipodai mahali pake tena, wao ndio walioitwa wavamizi. Nakiri kwamba jambo hilo lilinikera, wala halijaacha kunikera.

Basi nikataka kuona hali ilivyo baharini, ambako maji hayana desturi ya kurudi nyuma kama ya ziwa. Bahari hupanda kwa sababu dunia inapata joto: maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi za baridi huyeyuka. Kasi yake ni ndogo, lakini haina likizo. Dar es Salaam ilijengewa kuta mwaka 2018, moja kando ya Barabara ya Barack Obama na nyingine Kigamboni. Huko Pangani wazee wanakikumbuka kisiwa cha Maziwi kilipokuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari ikijaa.

Saadani haina ukuta, wala sidhani kama itaupata karibuni. Hii ndiyo bandari ya Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, na ambako misafara ya bara ilikutana na majahazi. Tangu mwaka 2005 imezungukwa na Hifadhi ya Taifa, hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Mtalii hufurahi kumwona mnyama karibu na mawimbi. Mwanakijiji anaona jambo jingine: mbele bahari, nyuma hifadhi. Mgogoro wa mpaka wa kitongoji cha Uvinje, uliovuma kwa miaka mingi, ulizaliwa katika ufinyu huo huo. Akiambiwa arudi nyuma mita 60, atarudi wapi?

Hapo ndipo nilipoikumbuka Mkange. Huku kuna mwinuko, na maji ya bahari hayafiki. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kila kijiji ardhi ya kijiji chake, na kumgawia mtu kiwanja kunahitaji idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji wenyewe. Mvuvi wa pwani hawezi tu kuamka asubuhi akajitwika jamvi na kuhamia. Na akipewa shamba la mihogo Mkange, nyavu atazitupa wapi? Swali hili ni la halmashauri ya wilaya na la mkoa pia, na lafaa lijibiwe kabla ya mafuriko, wakati watu wangali na paa juu ya vichwa vyao.

Jioni nilishuka ufukweni Saadani, maji yakiwa yametoka mbali sana. Nikahesabu hatua sitini kutoka kwenye povu. Nikaishia mchangani, patupu. Usiku bahari ilijaa. Asubuhi, maji yalipofika ukomo wake, nikaanza upya kuhesabu, nikajikuta kwenye jiko la mama mmoja aliyekuwa akichochea moto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimepoteza nini.