Sifuri Iko Wapi? Funzo Kutoka Chumba cha Rubani cha Kuigiza

Kila mwalimu mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba zana nzuri ya kufundishia ni ile iliyo rahisi. Kauli hiyo ni ya kweli, wala hatukusudii kuipinga. Tunachokusudia katika makala haya ni kueleza jinsi sisi walimu wawili tulivyoirahisisha zana moja mpaka ikasema uongo, na jinsi mtoto wa Darasa la Sita alivyotuonyesha namna ya kurahisisha pasipo kudanganya. Kosa letu hatulifichi, kwa kuwa tunaamini kwamba kosa lililoelezwa vyema lina manufaa zaidi kuliko mafanikio yaliyoelezwa kwa majivuno.

Tulikuwa tukifundisha Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya Ziwa Tanganyika na milima, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Njia iliyozoeleka ya kufika huko ni maji, kwa boti zitokazo Kigoma. Wengi walilisikia jina la Kagunga kwa mara ya kwanza mwaka 2015, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika ufuko wake mwembamba, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Mtoto wa Kagunga anaufahamu mtumbwi, wavu, dagaa, na mlima ulio nyuma ya nyumba yao. Ndege huiona ikipita juu tu.

Mmoja wetu alikuwa na kompyuta ndogo, iliyopata umeme kutoka kwenye paneli ya jua iliyokuwa juu ya paa la nyumba ya mwalimu. Ndani yake mlikuwa na FlightGear, programu ya kuiga urushaji wa ndege, ambayo hutolewa bure na mafaili yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyabadili. Jioni, baada ya kusahihisha madaftari, tulikuwa tukirusha ndege yetu ya kuigiza kutoka uwanja wa Kigoma, tukifuata ukingo wa ziwa kwenda kaskazini, na kuipita milima ya Gombe mpaka tulione eneo la kijiji chetu kwa juu.

Wakati huo wanafunzi wetu walikuwa na udhaifu ambao bila shaka nanyi mtaukuta: hawakuweza kusoma kipimo chenye mshale. Walikariri vizuri mita na sentimita, lakini mshale ukisimama katikati ya tarakimu mbili, walikwama. Tukaona kwamba chumba cha rubani, chenye geji nyingi kuliko mizani yoyote ya sokoni, kingewavutia na kuwafaa. Tukapanga kuwaita wanafunzi wanane wanane kila Jumamosi asubuhi.

Ndege ndogo huwa na geji sita za msingi: ya mwendo, ya ulalo wa ndege ukilinganishwa na upeo wa macho, ya kimo, ya kugeuka, ya mwelekeo, na ya kasi ya kupanda au kushuka. Katika programu ile kila geji imefanywa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni picha ya uso wake. Cha pili ni faili la maandishi linaloueleza mshale uzunguke kiasi gani kwa kila badiliko. Anayetaka kuibadili geji huichora picha upya, kisha huihariri mistari ya faili lile.

Tulianza kwa kuzificha geji tatu na kubakiza tatu, tukaziandika MWENDO, KIMO na MWELEKEO. Kisha tukashughulikia geji ya kimo, ambayo marubani huiita altimita. Geji hiyo kwa kawaida husoma futi, nayo huwa na mishale mitatu: mmoja wa mamia, mmoja wa maelfu, na mmoja wa makumi ya maelfu. Hata marubani wazoefu wamewahi kuisoma vibaya. Sisi tukabakiza mshale mmoja, tukauchora uso kuanzia 0 hadi 3,000, na tukaandika mstari wa kugeuza futi kuwa mita kwa kuzidisha kwa 0.3048. Mpaka hapo tulikuwa hatujakosea.

Kosa lilianzia kwenye sifuri. Uwanja wa ndege wa Kigoma uko kama mita 820 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko kama mita 770. Kwa hiyo ndege ikiwa imesimama uwanjani, geji ilisoma 820. Tuliona hilo litawachanganya watoto: itakuwaje ndege iwe chini, na geji iseme iko juu? Tukaongeza mstari wa pili wa kutoa 820, geji ikasoma sifuri. Kisha tukachora ramani ya ukutani na kuandika urefu wa kila mlima tukihesabu kutoka uwanja wa Kigoma. Kilele kilichokuwa karibu mita 1,500 tukakiandika 680. Tulijipongeza, kwani hesabu zote sasa zilianzia mahali mtoto aliposimama.

Yafaa tuseme kwamba kuna marubani ambao, katika viwanja fulani, huiweka geji isome sifuri ndege inapogusa ardhi. Lakini wao hufanya hivyo kwa utaratibu unaojulikana, na husafiri kwa kipimo cha bahari ambacho ramani zao hukitumia. Sisi tulibadili kimya kimya, wala hatukumwambia mtoto hata mmoja.

Baada ya majuma machache tuliweka toleo jipya la programu, na mabadiliko yetu yakafutika. Usiku wa kuamkia Jumamosi tuliyarudisha kwa haraka. Picha tuliikumbuka, na mstari wa kugeuza futi kuwa mita tuliukumbuka. Mstari wa kutoa 820 tuliusahau.

Asubuhi yake zamu ya kurusha ilikuwa ya binti mmoja mpole, msomaji mzuri, ambaye hazungumzi sana. Aliitazama geji kabla ya kuondoka, akanyosha mkono.

"Mwalimu, mshale hauko kwenye sifuri. Unasema mia nane na ishirini."

"Usijali, mwanangu," tulimjibu. "Utakaa sawa ukishaondoka. Endelea."

Akaendelea. Ramani ilisema mlima una 680, nasi tulikuwa tumemwagiza apande hadi 1,000 ili aupite kwa nafasi. Alipofika 1,000 akailaza ndege vizuri kabisa, akageuka kulia kutoka ziwani kuelekea Gombe. Kwa kweli alikuwa amepanda mita 180 tu kutoka uwanjani. Mlima ukaijaza skrini, kisha picha ikasimama. Wenzake walicheka kwa sauti. Yeye hakucheka. Aliinuka kitini, akasema, "Samahani, Mwalimu," na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Ndugu walimu, maneno yale ya "samahani" yalituuma kuliko lawama yoyote. Mtoto alikuwa amefanya kila kitu tulichotaka kumfundisha: ameitazama geji, ameisoma sawasawa, ameona haikubaliani na aliyoambiwa, na amesema. Sisi ndio tuliomwambia asiyaamini macho yake. Halafu akaomba radhi kwa kosa letu.

Jioni ile tulikumbuka asili ya vifaa vya kuigiza urushaji. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kuunda ndege bandia ya kufundishia iliyoyumba bila kuondoka sakafuni. Mwanzoni wengi waliiona kama mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa kwa kuruka katika hali mbaya ya hewa pasipo mazoezi ya kutosha ya kutegemea geji, na ndipo jeshi hilo likanunua vifaa vya Link. Sababu ya vifaa hivyo kuwapo ni moja: kumzoeza mtu aiamini geji pale hisia zake zinapompotosha. Sisi tulikuwa tumekitumia kifaa cha namna hiyo hiyo kumfundisha mtoto kinyume chake.

Jumatatu tulisimama mbele ya Darasa la Sita zima tukaeleza yote: mistari miwili, ule tuliousahau, na jibu tulilolitoa bila kufikiri. Tukasema, "Mwenzenu alisoma sawasawa. Waliokosea ni walimu wenu." Darasa likanyamaza kwa muda. Kisha tukawauliza: je, sifuri tuiweke wapi?

Kijana mmoja alisema iwekwe ziwani, maana ziwa ndilo tunalolijua. Jirani yake akampinga papo hapo: "Na maji yakipanda, sifuri nayo itapanda?" Swali hilo lilikuwa na uzito. Kuanzia mwaka 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda likafunika sehemu za mwambao wake, hata katika miji ya Uvira na Bujumbura, na watoto wale walikuwa wameona mahali pa kuanikia dagaa pakimezwa na maji. Tukawaeleza kwamba bahari nayo hujaa na kupwa, na kwa hiyo watu hutumia wastani wake, ili ramani za Kigoma, za Tanga na za nchi nyingine zianzie mahali pamoja.

Ndipo yule binti akanyosha mkono.

"Mwalimu, ni kama saa. Mshale mdogo uko kwenye saba, nasi tunasema saa moja. Hakuna anayechelewa shule."

Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo, ijapokuwa tunaishi nalo tangu utoto. Kila anayesema Kiswahili husoma tarakimu moja usoni mwa saa na kutamka nyingine, kwa sababu hesabu yetu ya saa huanzia kwenye mapambazuko na ya saa ile huanzia usiku wa manane. Hatuing'oi mishale tuibandike upya. Tunajua tofauti ni sita, tunatoa kichwani, na maisha yanaendelea. Watoto tuliodhani watachanganywa na sifuri mbili walikuwa wakizitumia mbili kila siku.

Tukafuata shauri lake. Mstari wa kutoa 820 hatukuurudisha. Ramani tuliichora upya kwa vipimo vya bahari. Kwenye uso wa geji tukaongeza alama mbili ndogo tu: mstari wa buluu penye 770 ulioandikwa ZIWA, na wa kahawia penye 820 ulioandikwa UWANJA. Sasa mtoto aliweza kuona kwa mara moja yuko juu ya bahari kiasi gani, na akitoa, yuko juu ya mtumbwi wa baba yake kiasi gani. Hesabu za kutoa, ambazo walikuwa wakizikimbia, zikawa kazi ya rubani. Jumamosi iliyofuata binti yule alirudi. Aliruka juu ya Gombe akiwa penye 1,800, na kabla ya kuondoka uwanjani alituuliza kwa sauti mbele ya wote, "Mwalimu, leo sifuri ni ya bahari?" Tukamjibu kwamba ndiyo, na tukamwonyesha mstari wenyewe katika faili.

Kutokana na hayo tunawaachia wenzetu mambo matatu.

Kwanza, kupunguza si kubadili. Kuficha geji tatu kati ya sita ni kurahisisha. Kuihamisha sifuri ni kutoa habari nyingine. Ukilazimika kuihamisha, mwambie mwanafunzi, na uandike kwenye zana yenyewe.

Pili, anza na analolijua mtoto, lakini usidhani kwamba unayajua yote anayoyajua. Mwulize. Lugha yake na mazoea ya nyumbani kwake yana hesabu ambazo hazimo katika kitabu cha kiada.

Tatu, mtoto akisema zana haikubaliani na maelezo yako, simamisha somo. Ama zana ina kasoro, ama maelezo, ama usomaji wake. Na yote matatu yanastahili dakika tano.

Wala msiseme kwamba somo hili linahitaji kompyuta. Kata duara la boksi, choma pini katikati, weka mshale wa unyasi, andika 0 hadi 3,000, kisha tia alama mahali kijiji chenu kilipo. Halafu usogeze mshale kwa siri, muulize mtoto anaona nini, na umsikilize anavyokujibu.