Aliyefiwa mwaka huu, mpe muda wako Krismasi

Wiki hii mabasi yanayokata kona Tunduma kuelekea Sumbawanga yamejaa. Wengi wetu tunaofanya kazi Dar es Salaam au Mbeya tunarudi Ufipa na mchele, mafuta ya kupikia na nguo za watoto. Ni zawadi nzuri. Lakini kama nyumbani kuna aliyefiwa mwaka huu, kuna anachokihitaji zaidi: muda wako.

Mama yangu mdogo, anayeishi kijijini nje ya Laela, alifiwa na mumewe Agosti. Msibani watu walijaa. Matanga yalipokwisha, kila mtu akarudi kwake. Juzi nilimpigia simu kumwuliza tumletee nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, njooni tu. Jioni za hapa ni ndefu."

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya, nimewasikia wauguzi wakirudia jambo moja: "jikaze" na "usilie" humfunga mtu mdomo. Mtaje marehemu kwa jina, uliza habari zake, kisha sikiliza. Akilia, mwache alie. Watoto nao waambieni ukweli kwa lugha wanayoielewa: babu amefariki, hakusafiri.

Kwetu Krismasi huja katikati ya mvua, shamba likidai mikono. Mjane aliyezoea kulima na mwenzake amebaki na jembe moja. Kwa hiyo mimi na ndugu zangu tumekubaliana: tarehe 26 tunaingia naye shambani, watoto wakiwemo. Mtu huongea kwa urahisi mikono ikiwa kazini kuliko akikalishwa sebuleni na kuulizwa anajisikiaje.

Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba majonzi makali yakizidi miezi 6 na kumzuia mtu kuendelea na shughuli zake, huenda anahitaji msaada wa mtaalamu. Lakini akikosa usingizi siku nyingi, akiacha kula, au akisema ni heri amfuate marehemu, msisubiri miezi. Msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, gawaneni zamu za simu: huyu Jumapili, yule Jumatano. Januari, wageni wakishaondoka, ndipo nyumba huwa kimya zaidi.