Kokteli yetu na mtungi wa Bugarama

Wiki hii ni zamu yetu, siye vijana wa Bugarama. Tunasema Bugarama iliyokuwa ya Rumonge, kule kando ya Ziwa Tanganyika, siyo ile ya Muramvya ambapo magari yanasimama watu wanunue mboga. Wengi mnatujua hapa Nyarugusu, tunajitolea kwenye mambo ya afya, tunapita nyumba kwa nyumba na fulana ya shirika. Ndo maana haya tunayoandika yanatupa aibu kidogo.

Mwaka jana tulitengeneza kokteli. Tuliona video kwenye simu: kijana wa hoteli anachanganya pombe kali, ndimu, sukari na barafu, anatikisa, anamimina kwenye glasi. Tukasema hata siye tunaweza. Barafu hatuna, glasi hatuna, lakini ndimu zipo, soda ipo, na mtu wa gongo hakosekani. Tukachanganya kwenye kidumu cha lita 5, tukatikisa kama kwenye video. Ilikuwa tamu. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu soda na ndimu vinaficha ukali. Gongo ukiinywa tupu koo linakukatalia. Ukiiweka sukari, koo linanyamaza, unakunywa kama maji.

Usiku ule tulilala vizuri tu. Kesho yake mchana mwenzetu mmoja alianza kutapika, tumbo linamuuma, anahema haraka. Tukacheka, tukasema ni hangova, apewe uji. Jioni akatuuliza mbona moshi umejaa nyumbani. Moshi haukuwepo. Alikuwa haoni vizuri, kila kitu kama kiko ndani ya ukungu. Tulimbeba mpaka hospitali na tulikuwa tumeshachelewa nusu siku nzima. Alipona. Macho yamerudi, lakini siyo kama zamani, simu anaisogeza karibu na pua ndo asome. Na siye tuliochanganya ni hao hao tunaowafundisha watu kunawa mikono.

Wauguzi walitueleza kitu ambacho tungepaswa kukijua. Kuna pombe ya viwandani inaitwa methanoli, ya kutengenezea rangi na dawa za kusafishia. Wauzaji wengine wanaichanganya na gongo ili iongezeke au ionekane kali. Haina harufu ya kukuonya, haina ladha ya kukuonya. Vijiko vichache tu vinaweza kumpofusha mtu. Na haianzi palepale: inaweza kuchukua nusu siku mpaka siku nzima, wewe unadhani mambo yameisha. Februari 2024 kule Kirinyaga, Kenya, watu zaidi ya 10 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu kwenye kijiji kimoja. Hao nao walikuwa wameenda kuburudika tu kama siye.

Baada ya hapo tulikuwa tunakaa jioni kwa mzee mmoja wa kwetu, tunaongea habari za nyumbani. Siye tuliondoka 2015 tukiwa watoto. Tulifika Kagunga, tukakaa pale kwenye mchanga kati ya mlima na ziwa, mpaka meli ya Liemba ikatupeleka Kigoma. Kwa hiyo Bugarama tunaikumbuka kidogo kidogo: michikichi kule chini, ndagala zimeanikwa Magara, migomba kule juu milimani. Tulimuuliza mzee, kwani kwetu hakukuwa na pombe kali?

Akasema ilikuwepo, na kuichanganya ilikuwa kazi ya mtu mzima. Unakata ndizi zilizokomaa, unazifukia kwenye shimo lenye majani ya migomba na joto la moto, siku tatu nne ziive. Unazimenya, unazikamua pamoja na majani marefu ndani ya chombo cha mti, unachuja. Maji yanayotoka ni umutobe, matamu, hayo watoto wanakunywa kwanza. Yanayobaki ndo unaamua. Ukiongeza maji, halafu unga wa mtama uliokaangwa, ukafunika siku mbili hivi, unapata urwarwa. Usipoongeza maji unapata isongo, na hiyo ndo kali yenyewe.

Sasa sikilizeni hili. Mzee alisema isongo haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Ilikuwa ya harusi, ya mahari, ya mgeni mkubwa. Mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya watu, ndo mgeni anywe bila wasiwasi. Mnakaa mnazunguka mtungi mmoja, mrija unapita, kila mmoja anaona mwenzake amevuta mara ngapi. Ukizidisha, mrija unaondolewa mbele yako na hakuna ugomvi. Na mwisho inatolewa ile ya kuagana, agashinguracumu, yaani ya kung'oa mkuki, kwa sababu zamani mgeni alichomeka mkuki wake nje. Ikitoka hiyo, sherehe imeisha, nenda nyumbani.

Siye kwenye kidumu chetu tulichukua ukali peke yake. Hakuna aliyeonja kwanza, hakuna aliyejua gongo imetoka wapi, hakuna aliyesema sasa basi.

Dada wa mwenzetu alipoolewa, tulimwomba mzee atuongoze. Ndizi tulizipata kwa shida, tukachanga kidogo kidogo. Tulikamua mpaka mikono ikauma, na mzee amekaa kwenye kiti anatugombeza. Tulitengeneza umutobe tu. Yule mwenzetu wa macho ndo alipewa kuonja kwanza mbele ya watu wote. Alikunywa, akanyamaza, halafu akasema, "Maji mmezidisha." Watu walicheka mpaka wazee wakafuta machozi.

Hatuandiki haya kuwahukumu wanaokunywa. Tunajua kambini siku ni ndefu na kazi hakuna. Tunaomba vitu viwili tu. Mwenzako akinywa, kisha kesho yake akatapika, akahema haraka au akasema haoni vizuri, usimpe uji usubiri. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na useme ukweli alikunywa nini, hata kama unaogopa. Na nyie wa mashirika, kijana akija akasema ukweli huo, mtibuni kwanza, maswali baadaye. Siye tulichelewa pia kwa sababu tuliogopa kuvuliwa fulana.

Zamu inayofuata ni yenu. Kwenu mlikuwa mnachanganya nini, na nani alikuwa anaonja kwanza?