Kimbilio: Siku Moja Katika Misheni ya Ombaci

Unapojifunza kitenzi kukimbia, hukawii kukutana na nomino mbili zitokanazo nacho: mkimbizi, yaani mtu aliyeihama nchi yake kwa kuhofia maisha yake, na kimbilio, yaani mahali aendapo kutafuta usalama. Maneno hayo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Nilipoizuru misheni ya Ombaci, nilitambua kwamba nilikuwa nikiyafundisha nusu nusu.

Safari yangu ilianzia Lobule, wilayani Koboko, ambako wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamekuwa wakipewa makazi tangu mwaka 2013. Nilifuatana na mama mmoja aishiye huko. Ombaci iko karibu na mji wa Arua, kando ya barabara itokayo Koboko. Ni misheni ya Kikatoliki iliyojengwa na wamisionari wa Comboni, na ubavuni mwake iko shule ya sekondari ya Mtakatifu Yosefu. Siku za kawaida utawaona huko waumini na wanafunzi. Tarehe 24 Juni huja yeyote atakaye, kwa kuwa ni siku ya kumbukumbu.

Yafaa ujue kumbukumbu ya nini. Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979, watu wa West Nile walihesabiwa kuwa watu wake, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Mapigano yalipozuka katika eneo hilo mwaka 1980, wengi walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Waliobaki karibu na Arua walikimbilia misheni, wakiamini kwamba hapana askari angethubutu kuwadhuru katika uwanja wa kanisa. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi la serikali waliingia humo, wakawaua raia karibu 100. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto.

Baada ya misa tulisimama kimya penye kaburi la pamoja. Kisha nikamwamkia mzee mmoja aliyeketi chini ya mwembe. Alinitazama kwa muda kabla ya kuitikia. Hakuwa mkali. Alinieleza tu kwamba zamani, akisikia Kiswahili, moyo wake ulishtuka, kwa sababu kilikuwa lugha ya jeshi. Nilikosa la kusema. Mimi ambaye hukisifu Kiswahili kila siku kuwa ni lugha ya umoja, sikuwahi kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba kwa Waganda wengi kiliwahi kuwa sauti ya kizuizi cha barabarani.

Yule mama ndiye aliyeendeleza mazungumzo.

“Papa, mulikimbilia wapi?” Aliuliza kama wasemavyo Wakongo, ambao husema “mu-” pale ambapo wewe umefundishwa “m-”.

“Kwenu, binti yangu,” mzee akajibu. “Tulivuka mpaka, tukapewa shamba tukalima muhogo. Hiki Kiswahili nisemacho nilikipata huko.”

Mama akacheka kidogo, akasema kwamba yeye naye sasa analima muhogo Lobule. Wakaendelea kuzungumza juu ya mbegu na mvua hadi gari letu lilipotuita.

Siku hizi Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kwenda huku na huko nchini. Ni sheria njema, nawe wapaswa kuijua. Lakini kumbuka kwamba mwaka 1981 pia ilikuwapo sheria iliyokataza kuua, na ukuta wa kanisa ulikuwapo. Vyote viwili havikuwaokoa watu wa Ombaci, kwa kuwa wenye silaha hawakuviheshimu. Huko ng’ambo ya mpaka, mzee yule alipokewa na wakulima wasio na silaha wala mamlaka.

Sasa zoezi. Tazama kiambishi kilichogeuza kukimbia kuwa kukimbilia. Anayekimbia, twajua anachokiacha. Anayekimbilia, twajua aendako. Tunga sentensi mbili, moja kwa kila kitenzi, kuhusu mtu unayemfahamu. Katika ile ya pili, mtaje pia aliyempokea.